Mwaka Tad Alipoiachia Timu Imwamulie

Tad Wrobel hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango, akiegemea mguu huu, kisha ule, mpaka padri akamzoea. Marehemu mkewe, Loretta, alikuwa akisema ameishi na mwanamume huyo miaka arobaini na hajawahi kumwona akimaliza kikombe cha kahawa kitini.

Alizaliwa hapa hapa Lackawanna, wakati moshi wa kiwanda cha chuma ulikuwa bado unachafua mashuka ya akina mama kwenye kamba. Baba yake alifia kazini humo. Kiwanda kilipofungwa, Tad alikuwa kijana na mikono mitupu, akajifunza kutengeneza mashine za kupasha nyumba joto. Huku kwetu mtu wa kazi hiyo anajulikana kuliko meya. Theluji imefika madirishani, mashine imekufa, watoto wanatetemeka ndani ya makoti. Unampigia Tad, na kabla hujamaliza kueleza unasikia amekwisha kuwasha gari. Hakuna chumba cha chini mtaani kwetu ambacho hajaingia na tochi yake mdomoni.

Basi huyo ndiye Tad. Na kama sisi wote wa huku, alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: timu yetu ya futiboli, hii futiboli ya Kimarekani, ya mikono na helmeti. Timu yetu haituui, ila haituachi tupone. Kila msimu inatupandisha mpaka juu ya ngazi, halafu inaondoa ngazi. Ndiyo maana tunaipenda sana Aprili, wakati hakuna mechi ya kufungwa. Aprili ndipo timu zote zinapochagua vijana wapya kutoka vyuoni, moja baada ya nyingine, na iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayotangulia. Sisi kwa kawaida hatusubiri sana.

Siku hiyo tunakutana baa ya Flo Pilarski, barabara ya Ridge. Flo ni mjane mwenye sauti ya honi ya treni, na baa yake ina sheria moja ambayo hujaiona kwingine. Siku ya uteuzi hukai unapotaka. Unakaa kwa hoja yako. Mwaka huo hoja zilikuwa mbili. Waliotaka mrushaji, yule anayeongoza timu na kurusha mpira, walikaa upande wa dirishani. Waliotaka mkingaji, lile jitu ambalo kazi yake yote ni kusimama mbele ya mrushaji asije akaangushwa, walikaa upande wa meza ya biliadi. Kubadili mawazo ruksa. Lakini ukibadili, unainuka na glasi yako, unavuka katikati ya ukumbi mbele ya watu wote, na unazomewa. Yupo bwana mmoja aliyewahi kuvuka mara mbili jioni moja. Mpaka leo jina lake ni Feri.

Zamu yetu ilikuwa ya nane. Mrushaji aliyezungumziwa ni kijana wa Texas, Dashiell Crewe. Mkingaji ni Tavita Leota, Msamoa wa Utah.

"Crewe ana mkono kama manati!" Feri alipiga kelele kutoka dirishani, mabawa ya kuku yakimpaka mchuzi kidevuni.

"Manati inashikwa na nani, akiwa amelala chali?" alijibu Marquis Tolliver kutoka kwenye biliadi. Marquis ndiye tarishi wetu, mtu mpana kama mlango wa gereji. Ujanani alikuwa mkingaji mwenyewe chuoni. "Mrushaji bila mkingaji ni sawa na mzee juu ya barafu."

Wote tuligeuka kumtazama Tad, kwa sababu Januari Tad alikuwa amesafisha theluji mlangoni kwake peke yake, akateleza, nyonga ikavunjika, akalala pale hadi aliyempata alipopita na mfuko wa barua. Aliyempata ni Marquis.

"Hujakosea, kaka," Tad alisema. Alikuwa upande wa dirishani, amesimama, na fimbo yake mpya ameitundika kwenye mgongo wa kiti. "Tena, kwa kuwa mmeshaanza kunitazama, niseme. Janine ananitaka Tucson."

Janine ni binti yake wa pekee. Anaishi jangwani huko Arizona, mahali ambapo watu wanaiona theluji kwenye televisheni.

"Kila Jumapili anapiga. Baba, chumba kipo. Baba, utakaa peke yako mpaka lini? Nimewaza tangu hospitali, nimeshindwa. Nikienda, nawaacha ninyi na kaburi la Loretta. Nikibaki, nabaki na ile njia ya mlangoni. Kwa hiyo nimemwambia nitamjibu leo, baada ya timu kuchagua."

"Timu inahusu nini hapo?" Flo aliuliza, kitambaa mkononi.

"Wakichukua mrushaji, nabaki. Mrushaji anakomaa miaka mitatu, minne. Siwezi kumwacha mtoto njiani. Wakichukua mkingaji, nafunga mizigo. Ukuta unajisimamia, hauhitaji mimi niutazame."

"Tad, una wazimu."

"Wao wana watu wanaolipwa kuwaza, Flo. Mimi nawaza bure na sifiki popote."

Ungedhani tungecheka. Hakuna aliyecheka. Huku kwetu kuna mtu aliyemwita mwanawe jina la mchezaji ambaye tulimfukuza kabla mtoto hajaota meno. Tulielewa vizuri sana. Aliyeanza ni mwashi mmoja ambaye wiki nzima alikuwa akiimba Leota, Leota. Aliinuka kwenye biliadi, akachukua glasi, akavuka kuelekea dirishani. Hakuna aliyemzomea. Akafuata mkewe. Nami nikafuata, na Mungu ni shahidi, mimi nilitaka mkingaji kuliko nilivyotaka mvua ya mwezi wa saba. Flo mwenyewe, ambaye kwa kawaida ni wa katikati kwa ajili ya biashara, alibeba sahani ya pierogi, yale maandazi ya Kipolandi yenye viazi ndani, akaiweka dirishani, akasema, "Nimechoka kuwa wa katikati." Kwa dakika chache upande wa biliadi ulibaki mtupu kama kanisa la Jumanne.

Isipokuwa Marquis.

"Vuka, bwana!" Feri alimwambia.

"Sivuki."

"Marquis, usiwe mgumu. Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo, mbona nyote mmehama?" Alikuwa amekunja mikono juu ya tumbo lake. "Timu inahitaji mkingaji. Nilisema Februari, nasema leo."

Tad alimtazama kutoka ng'ambo. "Kwa hiyo unataka niende."

"Nimesema timu inahitaji mkingaji."

"Miaka ishirini unaniletea barua, Marquis. Sema moja kwa moja."

Marquis aliitazama fimbo, akatazama meza, akashusha pumzi. "Mimi niliona buti zako kwanza, Tad. Buti, halafu wewe. Hawa wote walikuja hospitali na maua. Mimi nilikuja nikakuta midomo yako ya bluu. Sasa unataka nivuke ili nani akukute mwaka ujao? Nastaafu Desemba. Anayechukua njia yangu simjui."

Flo aligeuka akapandisha sauti ya televisheni. Timu ya sita ilichukua mkimbiaji, ya saba ikachukua mlinzi wa nyuma ambaye hatukumhitaji. Crewe alikuwepo bado. Leota alikuwepo bado. Wote wawili walionekana kwenye skrini wamekaa na mama zao, mashati mapya, wakisubiri simu.

Kisha ikawa zamu yetu, na saa ya skrini ikaanza kurudi nyuma.

Tad alianza kwenda na kurudi, dirisha mpaka kaunta, kaunta mpaka dirisha, bila fimbo, akishika migongo ya viti.

"Kaa chini, mzee, nyonga hiyo!" Flo alimpigia kelele. "Unanitia kizunguzungu!"

"Niache, mama."

Hakuna aliyekula. Feri alishika bawa la kuku hewani mpaka mchuzi ukamtiririkia kwenye kiwiko. Mimi nilikuwa nikiomba jina la Crewe kwa nguvu kiasi cha kuona aibu. Mtangazaji akaweka kidole sikioni, kama wanavyofanya wakipewa habari, akasema kuna badiliko. Timu yetu imeuza zamu yake. Wenzetu wa pwani ya magharibi watachagua mahali petu. Sisi tumepewa zamu mbili za baadaye, siku nyingine.

Unajua kelele ya watu walioibiwa? Hiyo. Feri alirusha bawa. Mwashi aliwatukana watu ambao hawakumsikia. "Woga!" mkewe alilia. "Wana woga! Tumengoja mwaka mzima, wameshindwa kusema jina moja!"

Tad peke yake alikuwa ametulia katikati ya ukumbi, mkono kwenye kiti cha mtu mwingine. Marquis ndiye aliyeona uso wake.

"Tad. Ulikuwa unaomba nani?"

"Acha."

"Saa ilipokuwa inakwenda. Ulikuwa unaomba nani?"

Tad alifuta macho kwa kiganja chenye makovu ya mabomba ya moto. "Leota," alisema.

"Lakini umekaa dirishani!" Flo alisema.

"Nilikaa dirishani maisha yangu yote, Flo. Mlipoanza kunihamia mmoja mmoja, na wewe na pierogi zako, ningevukaje? Nilitaka wao wanisukume, ili nikiondoka msiseme ni mimi." Akacheka kidogo, cheko la kukohoa. "Kumbe hata wao wanaogopa."

Basi akarudi dirishani, akachukua glasi yake na fimbo, akaanza kuvuka. Polepole. Fimbo, mguu, fimbo, mguu. Sisi tulimtazama. Alipofika nusu ya njia, Marquis aliweka mikono mdomoni na kutoa zomeo moja refu la kutoka tumboni. Feri akadakia. Halafu wote, ukumbi mzima, tukamzomea Tad Wrobel mpaka vioo vikatetemeka, na wengine walikuwa wanalia huku wanazomea, mimi mmoja wao.

Alikaa upande wa biliadi, kiti cha pembeni ya Marquis. Akatoa simu. Flo alizima sauti ya televisheni, jambo ambalo hajawahi kulifanya siku ya uteuzi.

"Janine? Mimi. Hapana, hawajachagua. Wameuza zamu, mama, wameuza." Akasikiliza. "Hapana. Mimi nimechagua. Safisha chumba. Ee, nakuja. Usilie, mwanangu, nasema nakuja kabla ya baridi."

Akasikiliza tena, na uso wake ukabadilika.

"Nini?" Flo aliuliza.

Tad aliziba simu kwa mkono. "Anasema huko mechi zetu za saa saba mchana zinaanza saa nne asubuhi."

"Saa nne!" Feri alisema kwa huruma ya kweli. "Mtu anakula mabawa saa nne asubuhi?"

"Mwambie atafute jibini ya bluu ya kuchovyea mabawa sasa hivi," Flo alisema, akiegemea kaunta kuelekea kwenye simu. "Janine! Jibini ya bluu, siyo ile nyeupe ya chupa! Baba yako hali ile!"

"Amekusikia, Flo," alisema Tad. "Tucson nzima imekusikia."

Marquis alimsogezea sahani ya pierogi, ambayo mtu alikuwa ameihamisha kutoka dirishani bila sisi kuona.