Mbambu Wawili, Kasha Moja

Kama hujawahi kufukuzwa na Madamu Vasta, basi hukupita katika chuo chetu cha Kasese. Mimi dereva tu alinifukuza mara nyingi, kwa kosa la viatu vyenye matope. Alisimamia chumba cha hadubini, ambacho dirisha lake lilizibwa kwa kitambaa cheusi. Hadubini ilikuwa moja na idara zote ziliitumia kwa zamu. Wengi walichunguza ubongo na kifafa, lakini hata watu wa kilimo walikuwa na siku yao. Profesa akichelewa, zamu yake ilikwenda kwa mwanafunzi aliyewahi. Akinung'unika, Vasta humwambia, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," na mlango unafungwa.

Alikuwa mzaliwa wa Bulembia, mfupi, mwenye sauti ya kushinda jenereta. Nilimwogopa, na nilimpenda.

Sasa, sisi Wakonzo huwaita watoto kwa zamu ya kuzaliwa. Mbambu ni binti wa nne, na jina hilo utalikuta hata ng'ambo ya mpaka, maana Wanande wa Beni ni ndugu zetu. Ita Mbambu katika soko la Bwera uone ni wanawake wangapi watageuka. Vasta alilijua hilo tangu utotoni, na bado lilimponza.

Mwaka 2015 tulikuwa na Mbambu wawili. Mmoja alitoka Kyarumba, akichunguza majani ya kahawa yenye ugonjwa. Wa pili alikimbia vita vya Beni peke yake, akiwa amebeba vioo vyenye vipande vyembamba vya ubongo wa panya, vilivyotiwa rangi inayowaka chini ya hadubini. Maabara alikovitengeneza ilikwisha fungwa, na hakuwa na vingine. Vikikaa kwenye mwanga au joto, rangi hufa, na shahada yake ingekufa nayo.

Siku ya kufunga muhula, Mbambu wa Kyarumba alikuja kuchukua vioo vyake akamwonyeshe mama yake kinachoila kahawa. Vasta alikuwa katikati ya ugomvi na profesa. Akatia mkono kwenye friji, akatoa kasha lililoandikwa Mbambu, akampa bila kutazama. Kesho yake Mbambu wa Beni alifungua kasha lililobaki, akakuta majani.

"Mama Vasta," alisema polepole, "hii haiko yangu. Yangu iko wapi?"

Vasta alimpigia simu Mbambu wa Kyarumba, hakupatikana. "Davis," akaniambia, "washa gari."

Gari liliishia barabara ilipoishia, tukapanda mlima kwa miguu huku jua likituchoma visogo. Kila tulipopita kahawa iliyoanikwa, Vasta aliinama kutazama kana kwamba vioo vimeanikwa pamoja nayo. Mbambu wa Beni alitangulia mbele yetu bila kugeuka. Nilitamani alie, angalau tujue la kufanya.

Mbambu wa Kyarumba alikuwa amekwenda Bwera sokoni. Tulimkuta mama yake, Mama Erina, akichagua maharage. Vasta alipoulizia kasha, mama alikunja uso.

"Ile kitu? Mtoto alifungua, akasoma, akasema amechukua ya mwenzake, ni ubongo. Mimi nilale na ubongo ndani ya nyumba? Nikasema itoke."

"Ikaenda wapi, mama?" Sauti ya Vasta ilikuwa nyembamba.

"Nilizika."

Mama Erina alitupeleka nyuma ya nyumba, ndani ya migomba, mahali ambapo jua halifiki. Akafukua udongo kwa mikono, akatoa chungu chenye mfuniko. Ndani yake kulikuwa na majani ya mgomba, na ndani ya majani kasha, kavu, baridi.

"Ile ni kichwa ya kiumbe," alisema. "Si kitu ya kutupa. Nilizika vizuri."

Mbambu alilipokea kwa mikono miwili. Hakufurahi bado. Tulirudi Kasese jioni, na Vasta akamtoa profesa aliyekuwa kwenye zamu yake halali. Hadubini ikawashwa. Mimi nilisimama mlangoni na matope yangu, na hakuna aliyenifukuza.

Mbambu aliinamia jicho la hadubini akabadilisha kioo, kisha kingine, kisha kingine.

"Inawaka," alisema. "Mama, yote ingali inawaka."

Vasta aliegemea ukuta akalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilijisikia kama mtu aliyetua gunia la kahawa baada ya kushuka nalo mlima mzima. Hata profesa alikuwa akitabasamu, jambo ambalo si kawaida yake.

Kisha Vasta akachukua kalamu. Kuanzia leo, akasema, hakuna jina tupu kwenye friji yake.

"Niandike Mbambu wa Beni?"

Msichana alitikisa kichwa. Beni hakubaki mtu wake.

"Andika Mbambu ya Mama Vasta."

Vasta aliandika kwa herufi kubwa, polepole, akarudia kukoleza wino. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu, yakaniangukia mimi.

"Davis," akasema, "viatu vyako."