Mimi Naona Wazee Wapelekwe

Mimi ni kitinda mimba, na kwetu huku Bomet kitinda mimba hurithi nyumba ya mama, pamoja na mama mwenyewe. Ndugu zangu walitawanyika. Mimi nikisafiri sana nimefika Sigor, hapo jirani tu, na hata huko natamani kurudi. Ndiyo maana nilipata kazi ya mtu wa kukaa ndani: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo. Niliishia kidato cha nne, lakini nimeshasomea uuguzi, sheria na falsafa. Digrii zote wamechukua wengine.

Miaka hiyo nilijificha vizuri. "Utafiti unaonyesha." "Inaaminika." Hapo hakuna mtu amesema kitu. Halafu mteja mmoja akaleta insha ya maoni: wazee watunzwe nyumbani ama kwenye makao ya wazee? Mwalimu wake alitaka nafsi ya kwanza, msimamo mmoja, bila kuyumba. Mteja mwenyewe alitaka makao.

Nikaandika. Mama alikuwa ameketi karibu na jiko, miguu imekufa ganzi kwa sababu ya kisukari.

"Wewe weri, leo umekuwa profesa wa nini?" Weri ni kijana kwa Kipsigis, ndivyo alivyoniita, na alipenda nimsomee.

Nikamtafsiria kwa mbwembwe, kidole juu kama mbunge. "Mimi naona mzazi asiyejiweza apelekwe makao. Mapenzi peke yake hayatoshi. Mtoto naye ana maisha yake."

Hakucheka. "Ni wewe umeandika hivyo?"

"Ni mimi, lakini si mimi, mama. Ni kazi tu."

"Na aliyesema 'mimi' ni nani?"

Nikamwambia chai yake inapoa.

Kila asubuhi aliniita nimshike mkono hadi choo. Kesho yake hakuniita. Alishika ukuta, akashika mlango, akatoka. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia yetu ya choo ni udongo mtupu. Nilimkuta chini kando ya majani chai, nyonga imevunjika, nguo imelowa.

"Sikutaka kukuharibia kazi," akasema.

Hospitalini nilimweleza kwa Kipsigis, nikarudia kwa Kiswahili, eti ile "mimi" ilikuwa ya kukodi. Aliitikia, "Nimeelewa," vile alivyokuwa akimwitikia daktari.

Sasa hainuki tena. Namgeuza, namwosha, namlisha. Na kila mara, kabla sijamgusa, ananiuliza kwa heshima, kama mgeni, iwapo niko na nafasi.