Pilau Kwenye Banda la Mbuzi

Wiki iliyopita, huko Bigwa, dada yangu aliuza cherehani inayomlisha ili binti yake achezwe ngoma ya mwali. Harufu ya pilau iliponifikia pale uani, nikaziba pua, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni wetu.

Alasiri ile mwali alikuwa dada mwenyewe. Alibebwa mabegani, jasho na mafuta ya nazi vikimchuruzika, wageni wakimbandika noti kwenye paji la uso. Mama alikuwa ameuza mbuzi wetu wote wa maziwa ili watu wale washibe. Mimi nilidhani noti zile ndizo zitakazowarudisha mbuzi wetu.

"Mama, kesho tunanunua mbuzi?"

"Nyamaza, mwanangu. Leo tumeheshimika."

Kumbe noti zilikuwa za wapiga ngoma. Walizibandua mbele yangu kwa vidole vyenye mafuta ya nyama. Kesho yake pilau lililochacha lilimwagwa kwenye banda tupu la mbuzi, likajaa nzi, nami nikanywa chai ya rangi huku nimeziba pua.

Safari hii nilimuuliza dada atashona na nini. Akafuta jasho, akacheka.

"Acha hizo, mdogo wangu. Leo tumeheshimika."