Rudisheni Mizani Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Kathonzweni, nilidhani nitaanza na sindano. Sista mkuu, mama mnene wa sauti ya chini, alinipeleka kwenye chumba cha mizani.

"Hiki ndicho chumba chetu chenye mlango," akasema. "Msichana akikwambia tumbo linauma huku akiangalia chini, usimuulize hapo kwa benchi. Mwambie aje apimwe kilo. Funga mlango, halafu umuulize anataka nini. Si amefanya nini. Anataka nini."

Kwetu Ukambani binti hasemi mambo ya uzazi mbele ya mwanaume wa rika la baba yake, wala mbele ya majirani wa mama mkwe. Kwa hiyo mizani yetu ilifanya kazi mbili. Nilipohamishiwa Nunguni niliendelea hivyo hivyo, na baridi ya kule ilitupa kisingizio kizuri cha kufunga mlango.

Baadaye nilihamishiwa mji wa Sultan Hamud, nikamkuta mkuu wa kituo mwingine, afisa wa kliniki, mtu wa haraka. Aliamuru mizani itolewe iwekwe veranda.

"Sista, foleni iende. Kilo si siri."

Nilibisha. Akacheka, akasema nimezeeka pamoja na mizani yangu. Nilikasirika, na hasira hiyo sijaimaliza.

Mumbua alikuja siku ya soko, benchi limejaa. Alikuwa ameolewa karibuni, mume yuko kazini mbali. Alikuwa amenunua vidonge vya kutoa mimba kwa muuza dawa mmoja pale stejini. Dawa hizo ni za aina mbili: kidonge cha kwanza huzuia homoni inayoishikilia mimba, vinavyofuata huleta uchungu wa kuitoa. Cha kwanza alikuwa amekimeza jana yake. Akalala, akaamka hataki tena. Vilivyobaki alikuwa amevifunga kwenye pembe ya leso.

Mkuu alimpandisha mizani hapo veranda. "Sema shida."

"Tumbo, daktari."

"Tumbo limefanya nini? Sema, watu wanangoja."

"Nilimeza dawa ya kutoa. Sasa nimebadilisha mawazo, nataka kuzaa. Kuna ya kurudisha?"

"Kwani hapa ni soko ya mitumba, unarudisha? Ulianza mwenyewe, enda umalize."

Benchi likacheka. Mimi nilikuwa ndani nikichanja watoto, maneno hayo nikayasikia kupitia dirishani. Nilipotoka, Mumbua alikuwa ameshaondoka. Nilimfuata hadi barabarani, sikumwona.

Kinachonichoma ni kwamba mkuu alijua. Tulifundishwa pamoja, viti vimegusana: aliyemeza kidonge cha kwanza tu akaghairi, asimeze vingine, apelekwe hospitali ya mji wa Wote apigwe picha ya tumbo. Mimba huenda ikaendelea, huenda ikatoka yenyewe. Dawa ya kurudisha haijathibitishwa, kwa hiyo usimdanganye. Akitokwa na damu nyingi, arudi mbio. Basi, hayo tu! Ni maneno ya kumwambia mtu nyuma ya mlango kabla chai haijapoa.

Kesho yake jioni aliletwa na bodaboda, leso imelowa damu. Tulimwekea maji ya mshipa, tukampakia kwenye gari la wagonjwa kwenda Wote. Alinishika mkono njia nzima.

"Mwaitu," aliniita, kama anavyomwita mama yake, "yule wa dawa aliniambia, kama hata hospitali wamekukataa, meza tu umalize. Nikameza. Na mimi nilikuwa nataka kuzaa."

Alipona. Mimba ilitoka. Nilipomweleza mkuu, alisema, "Si ndiyo alitaka?" Nikamwambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba yeye hajui Mumbua alitaka nini kwa sababu alimziba mdomo kwa kicheko. Hakunisamehe, na mimi sikuomba.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, nimewahudumia waliotaka kutoa na waliotaka kuzaa, na walioamka asubuhi wakitaka kinyume cha jana. Kubadilisha mawazo si kosa la kufokewa. Ni habari ya mgonjwa, kama homa, na unatakiwa kuisikiliza.

Nilipostaafu waliniandalia soda na hotuba. Mkuu yule yule alisimama akanisifu, akasema milango ya kituo chetu imekuwa wazi daima. Kisha akauliza kwa tabasamu ni zawadi gani ingenifurahisha.

"Rudisheni mizani ndani," nikasema, "na mfunge mlango."

Watu wakacheka, wakadhani mama anatania. Walinipa saa ya ukutani. Juzi nilipita pale kuchukua dawa zangu za presha. Mizani bado iko veranda, na msichana alikuwa amesimama juu yake, akiangalia chini.