Mtihani Wangu wa Udereva Ulioishia Makaburini

Aibu hii naisema mwenyewe kwa mdomo wangu, maana nikiwaachia watu wa Chamazi wataitia chumvi mpaka isilike. Mkipita kwetu mkasikia mtu ananiita Bi Honi, jina langu si hilo, mie ni Mwanaidi binti Mfaume, mama yake Hamisi, na hiyo honi nitaifikia, msinikimbize.

Mie nimefeli mtihani wa udereva. Ukifeli mara moja unasema bahati mbaya, mara ya pili unavilaumu viatu, mara ya tatu unasimama mbele ya kioo unakitazama kichwa chako na kukiuliza, hivi wewe humo ndani umejaa nini? Shule niliachia darasa la tatu, sawa, lakini nimelea watoto sita, nimekaanga vitumbua miaka chungu nzima na sikuwahi kuunguza sufuria, majina ya watu wa mtaa mzima ninayo kichwani pamoja na ya babu zao, sasa klachi ni kitu gani mpaka kinishinde?

Mtauliza bibi mwenye wajukuu anatafuta nini kwenye usukani. Nyumbani tuna kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, mume wangu Mzee Salumu alikuwaga anabebea mihogo na nazi kupeleka sokoni Mbagala, watoto wote wamesoma kwa kirikuu hiyo, mpaka presha ya macho ilipomjia pole pole ikamzima, jicho la kushoto kwanza, halafu na la kulia. Tangu hapo akawa hatoki nje ya geti. Kushikwa mkono barabarani hataki ("Mie si mbuzi wa kuvutwa," anasema). Kila jioni nikimtafuta namkuta ndani ya kirikuu, amekaa kiti cha dereva, kuku anataga pembeni yake, yeye anabadilisha gia na gari limezimwa. Siku moja akaniambia, "Mwanaidi, ukiweza kuliwasha wewe, mie nitakaa hapa pembeni na nitatoka. Kwa mtu mwingine sitoki." Basi kesho yake mie nikaenda kujiandikisha chuo cha udereva, na madera yangu.

Aliyekuwa akinifelisha ni huyo huyo mmoja, Afande Rajabu wa trafiki, mrefu kama mnazi, nguo zake nyeupe zimepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Mara ya kwanza tulitoka vizuri tu, nikamwona Mama Zuhura wa samaki, ambaye mguu ulimvimba tangu mfungo, sasa nitampitaje mgonjwa kama nimepita gogo? Nikasimama katikati ya barabara, nikachungulia dirishani, "Mama Zuhura, mguu umelalaje?" Afande akasema, "Mama, huu ni mtihani, sio kutazama wagonjwa." Mara ya pili ilikuwa mlimani, gari likarudi nyuma likapanda lundo la kokoto za watu. Mara ya tatu ni kurudi nyuma katikati ya vijiti, nikaviangusha vyote, mpaka na vingine ambavyo havikuwa vya zamu yangu.

Na cha ajabu, nikiwa na Mwalimu Erasto, aliyekuwa ananifundisha chuoni, naendesha gari kama maji yanavyoteremka. Lakini akiingia Afande Rajabu, akaweka lile bao lake la kuandikia magotini, miguu yangu inageuka mihogo.

Baada ya ile ya tatu mwanangu Hamisi akaja kutoka Mbezi Beach (ni karani, ana tai) akasimama uani akasema, "Mama, jaribu hii ya mwisho. Ukifeli tena, Jumapili nakuja na mteja, kirikuu tunaiuza. Inaoza, na nyie mnachekwa." Jioni ile baba yake hakwenda kukaa kwenye gari, alikaa kwenye mkeka ameinama.

Ndiyo nikaenda mara ya nne. Zamu yangu ilifika mchana, adhuhuri imeshaswaliwa, Mwalimu Erasto kabaki uwanjani na wenzangu, mie na Afande tukashika njia ya kuelekea Chamazi. Viganja vimelowa jasho, usukani unateleza kama pweza. Miguuni nimevaa viatu alivyoninunulia Hamisi ili nifanane na watu wanaofaulu, vinabana mpaka roho. Mara uchochoroni pakatokea jeneza. Wanaume wa kanzu na kofia wamelibeba mabegani, wanapokezana mbio mbio, "Laa ilaha illa llah." Nikakanyaga breki taratibu, nikavuta handbreki, gari likatulia kama limelala.

"Vizuri," Afande akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno hilo kwake. Na ningenyamaza pale pale, leo nisingekuwa na jina la pili. Lakini mdomo wangu nyie mnaujua. Nikamwambia, "Afande, na wewe hushuki ukatia bega? Thawabu hizo zimejileta zenyewe." Na kweli ya Mungu, sikuwa nafikiria thawabu zake hata chembe. Nilitaka atoke kidogo tu, nijifute mikono na nivue vile viatu.

Akanitazama, akalitazama jeneza, akavua kofia yake akaiacha kitini. "Zima gari, Mama. Usiguse kitu chochote. Natia bega tu, narudi."

Hakurudi. Mtu mrefu vile, alipoingia chini ya jeneza upande wake ukapanda juu, wenzake wakafurahi, bega jipya lenye nguvu nani analiachia? Nikaona kisogo chake kinakwenda kinapotea kwenye kanzu.

Mie niko peku, najifuta viganja, mlango wa mbele ukafunguliwa. Mzee Mpate! Fundi vinyago, zamani alikuwa na kibanda chake Mwenge, mkewe Asteria, jirani yetu wa nyuma ya msikiti. Akaiweka kofia ya Afande pembeni kama kikapu cha mtu, akakaa.

"Kumbe ni wewe, Mama Hamisi! Mungu kakuleta, magoti haya hayafiki makaburini."

Kabla sijajibu na milango ya nyuma ikafunguka, wakaingia wazee wanne, mmoja kapakatwa kama mwali, na bakora zao. (Si mnajua msibani kwetu, gari likiwa na nafasi ni la wote, hakuna kuulizana.)

"Jamani, mie niko kwenye mtihani!" nikasema.

"Sote tuko kwenye mtihani, mama," Mzee Mpate akajibu. "Twende, tunaachwa."

Nyuma yangu magari ya msiba yameshajipanga, honi, bodaboda zinapenya, mtu anapiga kelele "Sogea bibi, maiti hasubiri!" Nikasoma bismillahi, nikawasha.

Sasa hapo nisikilizeni vizuri. Nikamuuliza Mzee Mpate marehemu ni nani, akasema ni Mzee Kibwana fundi baiskeli, nami nikashtuka, maana namjua, namjua na mkewe Bi Hadija, na watoto wake Asha, Mustafa na yule Kidawa aliyeolewa Tandika, nikaanza kuwaeleza wazee jinsi Mzee Kibwana alivyowahi kuchumbia kwa baiskeli ya mteja, wanacheka halafu wanastaghfiru, na mie huku mkono unabadilisha gia, mguu unaachia klachi, wala sijui. Tukapanda kile kilima cha kokoto. Katikati foleni ikasimama, nikasimama, ikaondoka, nikaondoka, gari halikurudi nyuma hata unywele. Likaja lori la mchanga likatubana, nikarudi kinyumenyume nikampisha, yule dereva akaninyooshea dole gumba. Sikugundua kwamba nimeendesha mpaka tulipofika na nikaliingiza gari kati ya lori na ukuta, limenyooka kama jamvi lililotandikwa.

"Ahsante, mama," wazee wakashuka.

Ndipo nilipoinua macho. Kanzu kushoto, kanzu kulia, kanzu mpaka ukutani. Makaburini kwetu wanawake hatuendi kuzika, tunabaki nyumbani na wafiwa, na katika umati ule wote mwanamke alikuwa mmoja tu, yuko peku, amekaa nyuma ya usukani kwenye gari lenye herufi L kubwa kama mlango.

Nikasema nijifiche. Nikainama chini ya usukani, nikajifunika mtandio gubigubi, na kifua changu (Mungu alinipa, hakunipunja) kikalalia honi.

Shehe alikuwa katikati ya dua. Honi ikalia piiiiii! Na mie kule ndani ya mtandio, haki ya Mungu, sikujua kama ni mie. Nikawaza, nani huyu asiye na adabu anapiga honi kwenye mazishi ya mtu? Mama yake alimfunza nini? Nikazidi kuinama kwa kumwonea aibu huyo mtu, na kadiri ninavyoinama honi ndiyo inazidi kulia. Ilinyamaza pale nilipoinuka kumtafuta ni nani. Nikakuta umati wote umegeuka unanitazama, shehe mikono bado iko juu.

Dirisha likagongwa. Afande Rajabu, udongo mpaka magotini, ile pasi yote imekwisha.

"Mama, hili gari limefikaje hapa?"

"Limeendeshwa, Afande."

"Na nani?"

"Na mie."

"Leseni unayo?"

"Si ndiyo niliifuata kwako, baba."

Akafumba macho kama mtu anayehesabu. Mzee Mpate akaja na bakora yake, "Wewe kijana, ndiye unayemfelisha huyu? Katupandisha kile kilima bila kututikisa kiuno! Akina sie tumepakiwa na madereva wenye leseni mpaka tukavunjika meno."

Afande akasema polepole, "Mzee wangu, nikimpasisha nitaandika nini? Kwamba yeye alikuwa anaendesha, na mimi mtahini nilikuwa wapi?" Kisha akanigeukia. "Mama, umefeli. Lakini umefeli vizuri sana. Kuendesha unajua. Usichokijua ni kuendesha huku unatazamwa. Njoo tena."

Maneno hayo sikuyaelewa siku ile, nilikuwa nalia. Tulirudi nikiendesha mie, Afande mbele kakumbatia kofia yake, wazee nyuma wanamsimanga njia nzima, na mie machozi yananitoka kwa sababu ya Jumapili.

Na Jumapili Hamisi akaja kweli, na mteja kavaa miwani, anakwenda anapiga teke magurudumu. Baba yake kakaa kwenye mkeka, uso kaupeleka ukutani. Nimeshatoa funguo, tena nimeshamhamisha na kuku, hodi ikapigwa, Mzee Mpate na Asteria wake, na tende kwenye bakuli, wamekuja kunishukuru.

"Wewe ndiye Hamisi?" akamuuliza. "Unauza gari la dereva wetu? Mwanangu, wewe una gari tangu lini? Ulishawahi kunipa lifti mie?"

Hamisi akashika tai yake. "Shikamoo, mzee. Lakini Mama kafeli mara nne."

"Marahaba. Kafeli kwa afande. Kwetu sie kapita. Sasa mwenye kumjua ni nani, aliyemtazama au aliyepakiwa naye?"

Hamisi akacheka bila kutaka. Pale mkekani mume wangu akageuza uso. "Kilima cha kokoto kaondokea gia gani?" akauliza. Mzee Mpate akasema, mie sijui gia, mie najua sikumwagika. Mume wangu akatabasamu, na mteja akaondoka na miwani yake.

Mara ya tano nilikwenda peku. Afande Rajabu aliingia, akafunga vioo vyote, akasema, "Mama, leo hata wakipita na jeneza langu mwenyewe, mie sishuki." Mie nikamwambia, "Sawa, baba. Ila sema kitu, kimya chako ndicho kinaniua. Mama yako anaitwa nani?" Akanieleza, anaitwa Bi Mwajuma wa Rufiji, na dada zake na shamba lao la mpunga, na alipomaliza kueleza tulikuwa tumesharudi uwanjani, na vijiti vyote vimesimama.

Sasa kila jioni natoka na Mzee Salumu, kavaa kofia yake ya kazi, kuku tumemwekea kiti kingine uani. Mikono yangu yote miwili iko kwenye usukani, simpungii mtu, nimekoma. Kazi yangu ni kutaja tu: "Kulia kwako Mama Zuhura, anaparua samaki. Kushoto Asteria na beseni." Yeye ndiye anayepunga, kulia, kushoto, anawaita kwa majina, na watu wanamwitikia, "Mzee Salumu huyo!" Mara moja nilichelewa kutaja akampungia ng'ombe, lakini ng'ombe hajaenda kusema.

Na jeneza likitokea nasimama, nazima, nakaa wima kifua kiwe mbali na usukani, na mdomo naufunga. Juzi lilitupita moja, tukasikia "Laa ilaha illa llah," mume wangu akapapasa kitasa cha mlango.

"Mwanaidi, nishuke nitie bega?"

"Hapana, baba," nikamwambia. "Wewe kaa hapo hapo."