Sahihi Sita Chini ya Fomu

Nataka kumwandika Mwalimu Nzilani kabla watu wa Matinyani hawajamaliza kumwandika wao. Wao wanamwandika kwa mdomo, na mdomo hauna kifutio.

Miaka ishirini na sita amefundisha hesabu katika shule yetu ya msingi. Mwaka jana alitembea hadi kwangu, jua la saa saba, kumrudishia binti yangu Kasyoka alama mbili alizomnyima kimakosa kwenye mtihani. Kasyoka alikuwa na kumi na moja kwa mia. Zikawa kumi na tatu, na Mwalimu akaomba radhi kana kwamba amemnyima mtoto chuo kikuu. Ndiyo maana alipoteuliwa kusimamia kituo cha kura pale shuleni, hata wapinzani wetu walipumua.

Mimi nilikuwa wakala wa chama, mmoja wa mawakala sita wa vyama mbalimbali pale kituoni. Miezi yote ya kampeni tuliimba wimbo mmoja: Nairobi wasiguse kura zetu, matokeo ya kituo ndiyo ya mwisho. Nililisema hilo mwenyewe sokoni Kwa Vonza, kifua mbele.

Kura za urais zilihesabiwa vizuri, karatasi moja moja, sote tukiona. Mgombea wetu alipata mia tatu na kumi na moja, mwenzake tisa. Kisha Mwalimu, ambaye hakuwa ameketi tangu alfajiri, akajaza fomu na kugeuza mistari: tisa kwetu, mia tatu na kumi na moja kwa mwenzake.

"Someni kwanza, ndiyo mweke sahihi," alituambia.

Lakini chai ilikuwa imefika. Tuliweka sahihi sote sita, vikombe mkononi. Picha ya fomu ikatumwa Nairobi, nakala ikabandikwa mlangoni.

Kulipokucha Muli, fundi wa baiskeli, aliisoma pale mlangoni akapiga yowe. Mwalimu alikimbilia simu, akapigia ofisi ya uchaguzi. Nilikuwa kando yake, nikasikia jibu.

"Mwalimu, hiyo kitu ikishatoka kwa kituo hatuwezi gusa. Hata Nairobi hawawezi. Si ndivyo mlikuwa mnataka? Labda mtu aende kotini."

Hakuna aliyekwenda. Pengo la wagombea nchini lilikuwa kubwa mno, kura zetu hazingebadilisha chochote. Zilibadilisha maisha ya mtu mmoja tu.

Mwezi Juni Mwalimu alikuwa amenunua tangi la maji. Mtaa mzima tulichota kwake, tukamwombea baraka. Sasa tangi likawa ushahidi: ndiyo bei aliyotuuzia. Wanawake waliacha kuchota, wakarudi kuchimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji. Niliyasikia hayo kila siku, na kila siku nilikuwa na shughuli nyingine.

Jumapili, wakati wa ushuhuda kanisani, Mwalimu alisimama na nakala ya fomu.

"Mimi ndiye niliandika," alisema. "Nilichoka, nikakosea. Sikununuliwa na mtu."

"Na mawakala walikuwa wapi?" mama Kanini aliuliza kutoka nyuma. "Hawana macho?"

Mawakala tulikuwa watatu mle ndani. Mwalimu aliitazama fomu, akanitazama mimi niliyekaa benchi la pili. Majina yetu yalikuwa mkononi mwake, alikuwa na haki ya kuyasoma. Nilingoja ayasome, na Mungu anajua, nilitamani ayasome ili nisilazimike kusimama mwenyewe.

"Msimamizi wa kituo nilikuwa mimi," alijibu, akaikunja karatasi, akaketi.

Njiani mke wangu Syokau aliniuliza, "Baba Kasyoka, si wewe pia ulikuwa huko?"

"Nilikuwa nimetoka kufuata chai," nikamwambia.

Jumatatu asubuhi Kasyoka, yule wa alama kumi na tatu, alipita mbele ya tangi la Mwalimu akiwa na mtungi mtupu, akashika njia ya mtoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona, nikarudi ndani kumalizia chai yangu.