Krenki ya Kilwa kwenye baiskeli ya Kiingereza: nusura niwapoteze wadogo zangu

Wakuu, salamu kwa wote humu, wakubwa na wadogo.

Nimeona wengi mnauliza kuhusu kubadili krenki kwenye baiskeli za gia moja. Nami nina langu. Nitalieleza lilivyokuwa, hata pale nilipofanya ujinga.

Ni miaka ya hamsini, Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, upande wa Waingereza, kabla ya uhuru. Wazazi wetu wote wawili walikuwa wamefariki. Mimi ndiye wa kwanza, shule niliiachia Standard Three. Nyuma yangu alikuwepo Mwape, dada yangu, na Chola, wa mwisho.

Baba alituachia baiskeli ya Kiingereza. Nilikuwa nachukua samaki wakavu kijiji cha Kabuta, napeleka vijiji vya ndani, narudi na muhogo. Hivyo ndivyo tulivyokula.

Mjomba wetu, yama kwa Kibemba, alikuwa amenionya:

"Siku baiskeli ikikushinda, nawachukua watoto. Mwape ataenda kwa mama mdogo Kawambwa, Chola atakaa kwangu."

Hakuwa mtu mbaya. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, ilikuwa haki yake.

Basi krenki ikafa.

Kwa wasiojua: krenki, ile mikono inayobeba pedali, za zamani zinashikwa kwenye ekseli na pini ya chuma iliyochongwa upande mmoja. Mafundi wanaiita kotapini. Unaigonga kwa nyundo, kisha unakaza nati. Yangu ya kushoto, tundu lilikuwa limelika likawa kama yai, na meno ya sproketi, lile duara linalovuta mnyororo, yamechongoka.

Duka la pale kwetu lilikuwa na pini tu, krenki hakuna. Nikavuka ziwa kwa mtumbwi mpaka Kilwa, upande wa Wabelgiji. (Kilwa ya Kongo, siyo ile ya pwani.) Fundi wa pale akanipa krenki seti nzima na pini zake, nami nikamwachia koti la baba.

"Weye kijana, hii chuma iko nguvu," akasema. "Utakufa weye, yenyewe itabakia."

Nilipofunga nyumbani, zile pini zilicheza kidogo. Nikakata bati la kopo la maziwa, nikazizungushia. Nikajiona engineer kabisa.

Kilima cha kwanza, mzigo kamili, kak! Krenki ya kushoto ikazunguka yenyewe. Bati lilikuwa limekatika kama karatasi.

Nikageuza, nikaanza kusukuma. Wachuuzi wa ng'ambo wakanipita kwenye baiskeli zao, ambazo huko wanaziita kinga (na njo kwao ni ndiyo):

"Kaka! Weye njo unabeba kinga, ao kinga njo inakubeba?"

Habari ilimfikia yama kabla sijafika nyumbani. Akatuma neno kwamba anakuja Jumamosi kuchukua watoto. Mwape akaanza kukunja nguo zao. Hakulia, na hilo ndilo liliniuma.

Nikalaza pini ya zamani na pini mpya mezani, nikapitisha kidole juu ya zote mbili. Ya zamani ilikuwa nene zaidi. Pini za upande wa Wabelgiji zilikuwa nyembamba kuliko za Kiingereza, tofauti labda nusu milimita. Krenki nzima, ekseli nzima, ila havikuzaliwa nchi moja.

Nikachukua pini za Kiingereza dukani. Hazikuingia kwenye matundu. Nikaazima tupa ya mviringo kwa seremala wa mitumbwi, nikapanua matundu siku mbili.

Ujanja wake ni huu: paka pini masizi ya taa, ichomeke, kisha itoe. Palipobaki weusi ndani ya tundu ndipo panapobana, piga tupa hapo tu. Taratibu, maana chuma kikishatoka hukirudishi. Na unapogonga, krenki ikae juu ya gogo gumu. Ukigonga hewani unaua gololi.

Jumamosi yama akafika. Mtu mnene hasa. Akaizunguka baiskeli, akakaa kwenye keria.

"Mimi ni mzito kuliko samaki wako. Twende kilimani."

"Yama, utaumia."

"Kanyaga!"

Nikakanyaga. Mchanga kwanza, kisha kilima, yeye kaning'ang'ania mkanda. Wanawake waliokuwa wanaanika muhogo wakapiga kelele:

"Kijana, huyo samaki ni wa kuuza?"

"Hamna sufuria ya kunitosha!" yama akawajibu.

Juu ya kilima alishuka, akainama, akaitikisa krenki ya kushoto kwa mikono miwili. Haikucheza. Akapangusa grisi kwenye suruali yake.

"Mwambie Mwape afungue mzigo wa nguo," akasema, akashika njia ya kwao kwa miguu.

Wadogo zangu walikulia kwangu, mpaka kila mmoja akaanza nyumba yake.

Nilichojifunza: ukienda kununua krenki, nenda na pini yako ya zamani mfukoni, ipime palepale dukani. Nafasi ikibaki, usiidanganye kwa bati. Mzigo utakuumbua.

Kuna aliyewahi kuchanganya vyuma vya nchi mbili kwenye baiskeli moja? Uliwezaje? Karibuni, nasoma zote, ila kujibu nachelewa, macho siyo yale.